Askari Aliyerudi Vitani na Mashua ya Matanga



Somo la safari hii lahitaji Biblia mkononi. Someni kwanza Wafalme wa Kwanza 19:1-18, kisha Matendo ya Mitume 27:13 hadi 28:2. Mkipata nafasi mwongeze Hesabu 31:19-24. Tutazungumza juu ya askari waliorudi kutoka vitani wakiwa wazima wa viungo lakini wamejeruhiwa ndani, na juu ya jambo ambalo wengine wetu wataliona la ajabu: kwamba huko Uingereza na Marekani baadhi yao wamesaidiwa kwa kupandishwa katika mashua za matanga na kupelekwa baharini.

Tuanze na Eliya. Mara nyingi twahubiri habari zake za mlima Karmeli, moto uliposhuka, tukaishia hapo. Lakini sura inayofuata yamwonyesha mtu mwingine kabisa. Ametoka katika siku ya damu nyingi pale kijito cha Kishoni. Sasa anakimbia, amemwacha mtumishi wake nyuma, ameketi peke yake chini ya mti jangwani akimwomba Mungu amwondolee uhai. Huyu si mtu asiye na imani. Ni yule yule wa jana.

Angalieni aliyotendewa. Malaika hamkemei wala hamwambii ajikaze. Anampa mkate na maji, anamwacha alale. Kisha anamwamsha, anamlisha tena. Ndipo inapokuja safari ndefu, siku arobaini kwa miguu hadi Horebu. Huko anaulizwa habari zake mara mbili, naye mara mbili anajibu maneno yale yale, na Mungu anasikiliza yote mawili. Mwisho anapewa kazi ya kufanya, na mwenzake wa kufanya naye, na habari kwamba wako elfu saba wengine. Shikeni mpango huo: usingizi, chakula, safari, kusikilizwa, kazi, wenzake. Tutaukuta tena mahali tusipoutazamia.

Sasa ugonjwa wenyewe. Mtu aliyepatwa na kiwewe cha vita huota mambo yale yale usiku baada ya usiku. Hata mchana, harufu ya mafuta au mlio wa pikipiki waweza kumrudisha kule, na kwa dakika chache hajui yuko wapi. Mlango ukibamizwa, yeye amekwisha kulala chini. Huepuka watu, hasa umati. Hawezi kufurahi pamoja na watoto wake, na jambo hilo humtesa kuliko ndoto. Tena hapumziki: macho yake yako kazini saa zote. Katika chuo cha ualimu nilikofundisha tulikuwa na mwenzetu aliyekwenda vita vya Kagera mwaka 1978. Hakuketi kamwe akiupa mlango mgongo, iwe bwaloni, darasani au kanisani. Wanachuo walidhani ni maringo ya kijeshi.

Madaktari walihangaika muda mrefu kulipatia jambo hili jina. Mwaka 1871 daktari Mmarekani, Jacob Da Costa, aliandika habari za askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake, ambao mioyo ilikwenda mbio na vifua viliwabana, wala ugonjwa wa moyo usionekane. Mwaka 1915 Mwingereza Charles Myers aliandika juu ya mshtuko wa mizinga. Lakini majeshi hayakuwa na subira kama ya madaktari. Katika vita vile vya kwanza Waingereza waliwapiga risasi askari wao wenyewe kwa makosa ya utoro, woga na mengineyo ya namna hiyo, na hatuna shaka kwamba wamo waliokuwa wagonjwa. Askari 306 waliouawa hivyo walisamehewa kwa sheria ya mwaka 2006, miaka karibu tisini baada ya kuzikwa. Ni mwaka 1980 tu ndipo chama cha madaktari wa akili cha Marekani kilipouingiza ugonjwa huu rasmi katika kitabu chao, baada ya vita vya Vietnam kuwarudishia maelfu ya vijana wa hali hii.

Liko na jeraha la pili, ambalo si hofu bali ni dhamiri. Daktari mmoja wa Boston, Jonathan Shay, aliyewatibu askari wa Vietnam, alitoa kitabu mwaka 1994 akaonyesha kwamba wengi hawateswi na yale waliyotendewa peke yake. Wanateswa na yale waliyoyatenda wao, au waliyoamriwa, au waliyoyaona yakitendwa wakanyamaza. Hapa ndipo ninapotaka mwone Hesabu 31:19. Sura hiyo ni ngumu, na mambo yake ya mwanzo yahitaji somo lake pekee. Lakini aya hizo zinasema waziwazi kwamba waliotoka vitani walikaa siku saba nje ya marago kabla ya kuingia. Hawakuvuka kutoka mauti hadi meza ya nyumbani kwa siku moja.

Siku hizo saba zimepotea katika vita vya siku hizi. Wazee wetu wa Keya waliopigana Burma mwaka 1944 walirudi kwa meli, majuma kadha baharini, wamelala bega kwa bega na watu walioyaona yale yale. Askari wa Vietnam wengi walirudi mmoja mmoja kwa ndege, kila mtu miezi yake ilipokwisha. Juzi yumo msituni, leo yumo sebuleni kwa mama yake. Hata katika vita vya visiwa vya Falkland mwaka 1982, wale waliorudi kwa meli ya Canberra, iliyoingia Southampton tarehe 11 Julai, wengi walikuja kusema kwamba zile siku za baharini, za kulala, kuimba, kugombana na kulia, ziliwafaa kuliko walivyodhani wakati ule. Sisemi meli iliwaponya. Nasema walipewa muda na wenzao.

Basi, mashua za matanga zimeingiaje katika habari hii? Mwanzo wake ulikuwa vita pia. Mwalimu Mjerumani wa ukoo wa Kiyahudi, Kurt Hahn, alitiwa gerezani na serikali ya Hitler mwaka 1933, kisha akakimbilia Uingereza, na baadaye akawa Mkristo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alizungumza na Lawrence Holt, mwenye kampuni ya meli za Liverpool. Holt alikuwa na huzuni: meli zake zikizamishwa, katika mashua za kuokolea vijana wenye nguvu walikufa mapema kuliko mabaharia wazee waliokulia katika merikebu za matanga. Alisadiki kwamba vijana hawakupungukiwa na misuli bali na moyo wa kungoja na kutegemeana. Mwaka 1941 wawili hao wakafungua shule ndogo huko Aberdovey, pwani ya Wales, wakaiita Outward Bound, jina la mabaharia kwa merikebu inayotoka bandarini. Shule za namna hiyo zilienea. Iliyo karibu nasi ilifunguliwa Loitokitok, chini ya Kilimanjaro upande wa Kenya, katika miaka ya 1950, ingawa kule kazi ilikuwa mlima na si bahari.

Mwaka 1964 shule nyingine ilianza katika kisiwa cha Hurricane, pwani ya Maine, Marekani. Ilisifika kwa mashua zake wazi za futi 30, milingoti miwili, makasia na matanga, bila injini hata moja. Usiku watu huyalaza makasia kutoka upande hadi upande wakalala juu yake, tanga kuukuu au turubai juu yao, nanga imetiwa, na mmoja wao yuko macho.

Katika shule hiyo alifika mtu ambaye habari zake nataka tuzikalie kidogo. Kanali Robert Rheault alikuwa mkuu wa kikosi cha askari maalumu wa Marekani huko Vietnam. Mwaka 1969 yeye na baadhi ya maafisa wake walikamatwa kwa sababu ya kuuawa kwa Mvietnam mmoja waliyemshuku kuwa jasusi wa pande mbili. Magazeti ya dunia yalijaa habari hiyo. Mashtaka yakafutwa kabla ya hukumu, wala hayakurudi. Naye akaacha jeshi. Mtu wa cheo chake angaliweza kutafuta kazi ya fedha nyingi. Alikwenda Maine, akafanya kazi katika ile shule ya mashua kwa miaka zaidi ya thelathini, na huko akaanzisha mafunzo kwa ajili ya askari wa Vietnam wenye kiwewe. Alifariki mwaka 2013. Sitaki kumfanya mtakatifu. Lile lililotendeka mwaka 1969 lilikuwa kifo cha mtu, na mtu yule alikuwa na mke. Lakini mwenye kuwaongoza wale wagonjwa hakuwa mtalii. Alipozungumza nao habari ya uzito wa dhamiri, walijua anazungumza na nani.

Sasa tutazame kinachotokea katika mashua. Wasomaji wa pwani mtanivumilia, maana haya mnayajua tangu utotoni.

Mashua ya matanga haiendi kwa amri ya mtu mmoja. Nahodha yuko kwenye usukani, mwingine ameshika demani, mwingine anatazama mbele, mwingine anafua maji. Upepo ukiwa wa mbele, hamwendi moja kwa moja. Mnapiga bisha, huku na huku, na kila mnapogeuza kila mtu ana jambo lake la kufanya kwa wakati wake. Akilala mmoja, wote hulipa. Kwa mtu aliyekaa nyumbani miaka akiambiwa apumzike, asijisumbue, ni mgonjwa, hii ni habari mpya: watu wanane wanamhitaji kabla ya saa kumi na mbili.

Tena, yale yale yanayomfanya aonekane kichaa nyumbani yana nafasi pale. Yule asiyeweza kuacha kutazama huku na huku, mashua yahitaji macho yake. Kuna miamba, kuna meli kubwa, kuna wingu linalokuja. Yule asiyelala usiku wa manane, ndiye wa zamu ya usiku wa manane, wala hakuna anayemshangaa, maana zamu imepangwa na baada ya saa chache mwenzake ataamka kumpokea. Akikabidhi usukani huenda akalala usingizi mzito kuliko alivyolala kwa miezi, kwa sababu anajua yuko mtu macho. Hilo la kuamini kwamba mwingine analinda ndilo alilolipoteza vitani.

Na mazungumzo huja kwa njia yake. Hospitalini mgonjwa huketi akitazamana na daktari, saa ukutani. Katika mashua usiku watu wawili huketi ubavu kwa ubavu, wote wakitazama mbele gizani, na mmoja akisema neno, mwingine halazimiki kujibu. Wengi ambao hawakusema kitu ofisini wamesema hapo.

Mwaka 2012 huko Falmouth, kusini magharibi mwa Uingereza, Shaun Pascoe, aliyekuwa afisa wa jeshi la anga, alianzisha chama cha kuwafundisha askari wastaafu kusafiri kwa tanga. Kilichonipendeza kama mwalimu ni hiki: hawakuwapandisha kama abiria wa kuonewa huruma. Waliwafundisha kwa mitihani na vyeti vya kweli vya unahodha, na baadhi ya waliokuja wakitetemeka walirudi kuwa wakufunzi wa wengine. Mwanafunzi ajua upesi sana kama somo ni la kweli au ni la kumliwaza.

Je, dawa hii imepimwa? Kidogo. Mwaka 2018 madaktari wa hospitali ya askari wastaafu huko Salt Lake City, Marekani, walitoa taarifa ya uchunguzi wao juu ya askari waliokuwa wakitibiwa ulevi na madawa ya kulevya, ambao walichukuliwa kusafiri kwa tanga katika ziwa lao kubwa la chumvi. Waliona kwamba jambo hilo lafanyika kwa usalama, na dalili ni za kutia moyo. Lakini waliohusika walikuwa wachache, na uchunguzi wa watu wachache hautoshi kuthibitisha dawa. Tena wale walikuwa wakiendelea na matibabu yao. Mashua iliongezwa juu ya matibabu, haikuyaondoa. Ninalikazia hili kwa sababu twapenda sana njia za mkato. Mtu anayetamani kujiua hapelekwi baharini ili apate hewa. Apelekwe kwa daktari, na asiachwe peke yake njiani. Hata tanga lina hatari zake: likilegea upepo ukalipiga, hutoa milio kama ya bunduki, na nahodha asiyejua ana watu gani chomboni aweza kuwarudisha vitani kwa kosa la dakika moja.

Sasa fungueni Matendo 27. Twaisoma kama ajali ya Paulo, lakini ile ni merikebu ya askari pia. Akida Yulio yumo na watu wake, na wafungwa, na mabaharia, jumla watu 276, usiku wa kumi na nne wa tufani. Luka aliyaona mwenyewe, ndiyo sababu anatoa hesabu kama baharia: walitupa bildi wakapata pima ishirini, mbele kidogo kumi na tano, wakatia nanga nne kwa upande wa tezi. Kila kundi katika chombo kile linataka kujiokoa peke yake. Mabaharia wanataka kutoroka na mashua ndogo. Askari, baadaye, wanataka kuwaua wafungwa. Paulo, ambaye ni mfungwa, anamwambia akida kwamba wasipobaki pamoja wataangamia. Kisha, kabla ya mapambazuko, anawasihi wale. Anatwaa mkate, anashukuru mbele yao wote, anakula. Nao wakapata moyo, wakala. Hapo tena twauona ule mpango wa Eliya: chakula kwanza, kisha kazi, maana mara baada ya kushiba wote waliipunguza merikebu kwa kuitupa ngano baharini.

Wala merikebu haikuokoka. Ilivunjika. Waliofika pwani, wengine waliogelea, wengine walishika mbao. Na sura ya 28 yaanza na jambo ambalo wasomaji wengi hulipita upesi: mvua inanyesha, kuna baridi, na wenyeji wa Malta, wasiowajua hata mmoja, wamewasha moto.

Wale walioongoza safari hizi za matanga hukubaliana juu ya jambo moja, kwamba siku ngumu si ya dhoruba. Ni siku ya kurudi bandarini. Chombo kimefungwa gatini, watu wameagana, na yule mtu anashuka ngazi kurudi katika nyumba ile ile, kitanda kile kile, jirani yule yule anayesema kwamba amechanganyikiwa. Zamu yake imekwisha na hakuna aliyempa nyingine. Faida yote ya bahari yaweza kumwagika hapo ikiwa pwani hakuna moto.

Sisi hatuna merikebu za kuwapandisha watu, wala sidhani yafaa kumkamata mgonjwa na kumtia katika ngarawa ya mvuvi kwa sababu mmesoma somo hili. Lakini pwani ni yetu. Katika parokia nyingi wako watu waliopita vitani, kwa sare au bila sare, maana wakimbizi nao wameyaona hayo. Huketi nyuma karibu na mlango. Tusiwaombe waje mbele. Wakitoka katikati ya ibada wakati wa ngoma kubwa, tusiwahesabie kuwa wamemkimbia Bwana. Mke wa mtu kama huyo asiambiwe kwamba hakumwombea vya kutosha. Umoja wa Mama wanaweza kumtazamia watoto siku ya kwenda hospitali, na huo ni msaada unaoonekana. Padre aweza kuwapokea kwa siri ya maungamo wale wenye mzigo wa dhamiri, na wengi hawajui kwamba mlango huo uko wazi kwao, kwa kuwa huona dhambi za vita hazina mahali pa kusemewa. Na kazi, ndugu zangu. Kazi ya kweli, si ya kumpa mtu cha kushika. Asiyelala alfajiri aweza kukabidhiwa funguo za kanisa na taa, ili wanaokuja Misa ya mapema wamkute amekwisha kufungua. Naye asipofika, watu wasimame nje wakimngoja, kisha mtu aende kumtazama.

Kwa mazungumzo ya kikundi: Kwa nini Mungu alimwuliza Eliya swali moja mara mbili? Katika Matendo 27, nani alikuwa na haki ya kukata tamaa kuliko wote, naye alifanya nini? Katika mtaa wenu, mtu akitoka vitani au ukimbizini, hupita siku ngapi kabla ya kutakiwa kuwa kama zamani, na nani huamua? Liko jukumu gani la parokia ambalo hamjawahi kulikabidhi kwa mtu wa namna hii, na kwa sababu gani?

Mwongozaji wa kikundi aangalie jambo moja. Ikiwa yumo miongoni mwenu aliyekuwa askari, asiulizwe aliyoyaona, wala asitazamwe na wote swali linaposomwa. Mwekeni kiti ambacho aweza kuuona mlango, na chai ipikwe kabla ya somo, si baada yake.